Kizibao cha Kasuku wa Mama Mkwe

Jumatatu, 3 Juni
Makubwa! Nimeamka nikakuta sakafu imejaa manyoya. Nikadhani ni paka. Kumbe mwenyewe! Kasuku wa mama mkwe yumo tunduni, anajinyonyoa kifua, huku ananikodolea jicho.

Nimekwisha. Mama mkwe yuko safarini, anarudi Ijumaa. Alisema akimkuta kasuku salama, chumba chake cha mbele kinachotazama barabara atanipa mimi nifanyie ushonaji. Akimkuta na kasoro, chumba anapewa shemeji, kaka wa mke wangu, aweke duka lake la kinyozi. Na huyo ndege anamwita "mwanangu". Mimi miaka yote hii ananiita "wewe".

Mke wangu kauliza kulikoni. Nikasema ni msimu wao wa kubadili manyoya. Akauliza, msimu wa kifua tu?

Jumanne, 4 Juni
Kifua kiko wazi, chekundu. Roho imeniuma, jamani. Nikampaka mafuta yangu ya mwili. Lo! Vumbi lote la vitambaa limemganda, akawa kama mto uliopasuka. Mke wangu amemwosha kwa maji ya uvuguvugu huku akinisonya.

Shemeji naye kapita. Alipochungulia tunduni alicheka mpaka akakaa chini. Kauliza nani kamnyoa, na kwa nini hakuitwa yeye mwenye fani. Kisha kaingia chumba cha mbele, kaonyesha ukuta atakaotundika kioo. Fedhuli!

Jumatano, 5 Juni
Kwa daktari wa mifugo. Hana wadudu, hana ugonjwa. Daktari kasema kasuku hujinyonyoa akiwa na hofu, kero au upweke. Kauliza nini kimebadilika nyumbani. Nikasema hakuna. Mke wangu akakohoa, akamweleza.

Sasa kumtoa chumbani kwa Mama na kumweka barazani kando ya cherehani, hilo nalo ni badiliko? Watu wanasimama kumtazama, wakishasimama nawapima. Wawili watatu humchokoa kwa penseli, basi. Nani asiyependa wageni? Daktari kasema arudishwe kwenye utulivu leo hii. Nitamrudisha. Ila si wiki hii, wateja ndio kwanza wameanza kumiminika.

Alhamisi, 6 Juni
Nimepata! Mimi ni fundi au si fundi?

Nimempima kifua, shingo, chini ya mbawa. Kaning'ata kidole gumba, bado kinavuja damu. Nimekata kitambaa cha kijivu, nikatia bitana laini, nikayaokota manyoya yake yote na kuyashonea juu yake moja moja. Kavaa kizibao. Jamani, kimemkaa! Huwezi kujua! Mke wangu alipoona alishika kichwa. Nimelichukulia hilo kuwa ni sifa.

Ijumaa, 7 Juni


Mama mkwe kaingia, kampakata kasuku, kasema mwanangu umenenepa! Kisha kanigeukia, kaniita "baba". Mimi! Baba! Shemeji kanuna mlangoni. Nikaanza kuuona ubao wa jina langu juu ya mlango wa chumba cha mbele.

Ndipo kasuku akanasa uzi kwa mdomo. Akavuta. Akavuta tena. Kizibao kikaachia kuanzia pindo hadi shingoni, pwaa, mapajani mwa Mama. Ndege akabaki uchi. Mama alipiga ukelele ambao sijapata kuusikia! Alidhani mwanawe kachunika ngozi mikononi mwake. Shemeji kakimbilia maji, mnafiki yule.

Mama alipopata pumzi kakiokota, kakigeuza, kaiona bitana. Kanitazama. Nikamwamkia upya.

Jumamosi, 8 Juni
Mama na mke wangu wamempeleka kasuku kwa daktari. Mama karudi anajua yote, hadi penseli. Mama kalia. Kasema tangu mumewe afariki, sauti inayomwamkia kila asubuhi ni ya ndege huyu. Kaniuliza: ulimwona anaumia, ukamshonea nguo? Niliona haya, natamani ardhi inimeze.

Uamuzi umetoka. Chumba cha mbele si cha fundi wala cha kinyozi. Ni cha kasuku! Kawekewa pazia, beseni la kuogea na matawi ya kutafuna. Daktari kaagiza utulivu, na mtu wa kukaa naye mchana asiwe mpweke. Mimi nimerudi kuwa "wewe".

Jumapili, 9 Juni
Nimejuta sana. Nimelitafuta kosa langu kwa moyo mweupe mpaka nimeliona: uzi. Ulikuwa hafifu mno.

Halafu nikawaza. Mama hushinda kazini, mke wangu pia. Nani basi akae na yule maskini mchana kutwa? Anatakiwa mtu ambaye kazi yake ni kukaa. Nimeshtuka jibu lilivyo wazi! Wametoka kidogo, nami nimeshakokota cherehani hadi chumba cha mbele na kufungua pazia ili wapita njia watuone. Inapiga kelele kidogo tu. Atazoea.