Mzee Vendelín wa Jukwaa la Kikapu

Jumamosi, 4 Septemba 2004

Nimepata! Nimepata dawa ya aproni!

Kila mwaka, Sikukuu ya Mtakatifu Václav, tarehe 28 Septemba, wanaume wa kijiji chetu cha Lhotka hupanga vikapu vyao vya uyoga juu ya meza ndefu ya baa ya Kulhánek. Mwenye kikapu chepesi kuliko wote huvaa aproni ya maua na kuwahudumia wenzake bia mpaka baa ifungwe. Miaka saba mfululizo ni mimi. Kulhánek ameacha hata kuniuliza. Anaipiga pasi kabisa akiniona naingia.

Tatizo si mimi. Tatizo ni mahali. Watu wa hapa watakupa gari lao, watakupa damu yao hospitalini, lakini hawatakuambia wanapochuma uyoga. Baba mkwe wangu, Otakar, mjane, mtu wa maneno machache, ana mahali pake msituni. Binti yake kanipa. Mahali hajanipa. Mwaka jana nilimnyatia. Alinizungusha kutwa nzima, jioni nikajikuta nimetokea nyuma ya nyumba yangu mwenyewe.

Kwa hiyo: jukwaa! Jukwaa la wachuma uyoga kwenye intaneti. Watu wakizoeana watapiga domo, na wakipiga domo watasema wapi. Nimeliita Jukwaa la Kikapu. Nimelifungua leo kwenye kompyuta ya jikoni. Mwanachama ni mmoja, yaani mimi. Mke wangu Jarmila kasema atajiunga nikipaka rangi uzio.

Jumapili, 5 Septemba

Uzio umepakwa. Wanachama wawili.

Jumatano, 8 Septemba

Wanachama tisa! Wamo watu wa ng'ambo ya kilima, na mwalimu mmoja anayejiita Fredka. Yumo pia jirani yangu Zbyněk, tarishi wa posta, bingwa wa baa mara tatu, mtu wa kujisifu. Salamu yake ya kwanza jukwaani ilikuwa kwamba debe tupu haliachi kuvuma, na kwamba hamtaji mtu.

Mazungumzo yamechangamka. Kisu kipi kizuri. Uyoga ukaushwe juani au jikoni. Namna ya kumtoa kupe mguuni. Nikaona sasa chuma ki moto. Nikaanzisha mada: Je, ndugu zangu, tunachuma wapi?

Fredka akajibu: msituni. Mwingine: chini ya miti. Zbyněk akasema yeye anachuma sokoni, nikitaka atanionyesha njia ya kwenda sokoni.

Nikaandika kanuni. Kanuni ya kwanza: kila mwanachama atataja mahali pake ndani ya wiki moja. Kufikia jioni tumebaki wanne, mmoja wetu Jarmila, naye anadai uzio una mahali sikupaka.

Alhamisi, 9 Septemba

Mkono mtupu haulambwi. Lazima mtu atangulie kutoa. Nani atatoa? Hakuna mtu wa namna hiyo Lhotka nzima.

Basi nimemtengeneza.

Anaitwa Mzee Vendelín. Mstaafu wa reli, mpole, magoti yanamuuma. Amejiunga leo mchana na hapo hapo akaandika kwamba yeye ni mzee, hawezi tena kuinama, na siri ya uyoga haifai kuzikwa na mtu. Kwa hiyo anawapa wote mahali pake: nyuma ya kiwanda cha zamani cha matofali, kando ya mabwawa ya majitaka.

Mahali hapo nimepachagua kwa akili. Ninapita hapo kwa baiskeli kila siku nikienda kazini, nimeziba pua. Hakuna kitu pale ila upupu. Kwa hiyo simpotezei mtu kitu chochote.

Nikamjibu mimi mwenyewe, kama mwenye jukwaa: Asante sana, Mzee wetu! Mfano wa kuigwa! Naye akanijibu kwa unyenyekevu. Nikaguswa. Jarmila akauliza nacheka na nani.

Jumapili, 12 Septemba

Wanampenda! Wamerudi wote waliotoka, na wamekuja na jamaa zao. Kutwa wanamuuliza Mzee Vendelín mambo. Mimi hakuna anayeniuliza kitu.

Mtu mmoja kamuuliza achari ya uyoga inavyotengenezwa. Mimi nitajuaje? Nikamuuliza Jarmila, akanitajia ya marehemu mama yake: siki, karafuu, asali kijiko, na jani moja la mti wa mcheri chini ya chupa. Vendelín akaipeleka. Pongezi zikamiminika. Mwanachama mpya anayejiita Bundi kaandika kwamba jani la mcheri limemkumbusha mbali sana.

Halafu Fredka, eti kwa moyo safi, akapendekeza jukwaa lipate msimamizi mwenye busara, maana mwenye jukwaa ana pupa. Wakapiga kura. Vendelín kashinda kwa kishindo. Kura moja tu ilimkataa.

Wanasema kura ni siri. Waache waseme.

Jumanne, 14 Septemba

Fredka kaweka picha. Kikapu kimefurika uyoga wa kahawia, mnene, safi, hata funza mmoja hauna. Eti kautoa kwenye mabwawa ya majitaka! Anamshukuru Mzee Vendelín kwa machozi.

Nilicheka. Mwongo kapata mwongo mwenzake. Baada ya chakula wakaweka picha wengine watatu.

Nikapanda baiskeli. Nikaziba pua. Nikaingia ndani ya upupu kwa mara ya kwanza maishani. Kila mahali mashina yaliyokatwa kwa visu, mabichi bado. Wamechuma wote. Miaka yote hii nimekuwa nikipita kando ya uyoga ule nimeelekeza uso upande wa pili!

Miguu inawasha. Ila lazima niseme ukweli: jukwaa lina wanachama wapatao mia. Nimelifungua tena baada ya kuoga, kulitazama tu. Zuri.

Jumatano, 15 Septemba

Zbyněk kaja hadi uzioni amevimba kama andazi. Anataka kujua huyo Vendelín ni nani na anaishi wapi, maana ana maneno naye. Nikamuuliza amemkosea nini. Akasema hakumkosea kitu, ila mtu mzima hawezi kwenda kutangaza mabwawa ya watu hovyo hovyo.

Mabwawa ya watu!

Kwa hiyo ndiko bingwa wetu alikokuwa akichuma, na begi la barua begani. Nimefurahi mpaka nikampa chai. Akaegemea uzio kuinywa. Rangi ilikuwa bado haijakauka pale nilipokuwa nimerudia.

Ijumaa, 17 Septemba

Ushindi! Wanatoa siri! Baada ya wema wa Vendelín watu wameona haya, kila mmoja anamlipa kwa mahali pake. Ila hawaandiki jukwaani. Wanamwandikia yeye faragha, na kila ujumbe unamalizia: tafadhali, Mzee, usimwambie yule Radim mwenye jukwaa.

Radim ndiye mimi. Nimezisoma zote kwa niaba yake.

Jumapili, 19 Septemba

Nimekwenda sehemu nne, Jarmila nyuma yangu kwa sababu alitaka kunyoosha miguu. Nilitembea haraka, kichwani natunga mada mpya ya kumfanya Fredka aombe radhi. Sikuona uyoga hata mmoja. Waongo wote!

Tulipofika nyumbani Jarmila akamwaga mezani kikapu kizima. Nikamuuliza kautoa wapi. Akasema mbele ya viatu vyangu, na mwingine chini yavyo.

Kikapu hicho hakihesabiki. Mashindano ni ya wanaume wanaochuma kwa mikono yao, na Kulhánek huwaapisha. Zimebaki siku tisa.

Alhamisi, 23 Septemba

Sijui niandike vipi leo.

Vendelín kapata ujumbe kutoka kwa Bundi. Anasema yeye ni mjane na hana kawaida ya kuandika, hapo anapiga tu kwa vidole viwili kwenye kompyuta ya maktaba. Anasema anapafahamu mahali ambapo hajawahi kumwonyesha mtu tangu mkewe afariki. Anasema ana mkwe. Kijana mzuri, anamtunza binti yake, ila mdomo wake haukai kimya. Angekwisha kumpeleka zamani kama angeweza kunyamaza saa moja tu. Basi anamwalika Mzee Vendelín. Jumamosi alfajiri, kwenye kikanisa kilichoezuka paa, juu ya mto. Waje wachume pamoja.

Ni Otakar. Baba mkwe wangu!

Iliniuma. Kweli iliniuma. Mzee amemfungulia moyo mtu asiyekuwepo, na mtu mwenyewe nimekaa hapa na soksi moja nikila mkate. Muungwana asingekwenda. Nimeamua: siendi.

Ijumaa, 24 Septemba

Siendi. Nimetia viatu mafuta, lakini hiyo ni kawaida.

Jumamosi, 25 Septemba

Nilikwenda.

Otakar alikuwa amekaa kwenye ngazi ya kikanisa. Chupa ya chai, mkate, soseji, vikombe viwili. Nikasema napita tu. Akasema sawa, kaa, nyamaza, namsubiri rafiki.

Nikakaa. Nikanyamaza. Mwanzoni maneno yaliniwasha mdomoni. Baadaye yakaacha. Ukungu ukapanda kutoka mtoni, ndege akaanza, mwingine akamjibu. Nikatazama chini kwa kukosa la kufanya, na pale pale kando ya kiatu changu kulikuwa na uyoga. Na kando yake mwingine. Ulikuwepo siku zote, nadhani, kila mahali. Sikusema neno.

Jua lilipotoka, Otakar akamimina chai kwenye kikombe cha pili, akanipa. Akasema, "Kunywa, Mzee Vendelín. Magoti hayajambo?"

Nilitaka ardhi inimeze. Nikamuuliza alijuaje. Akasema jani la mcheri kwenye achari aliliweka mwanamke mmoja tu katika dunia hii, na mwanamke huyo alimfundisha binti yake tu. Nikaomba radhi. Akasema lakini umenyamaza, mwanangu, nimeona. Halafu akasema mtaka cha mvunguni sharti ainame, haya, inama.

Tukachuma mpaka vikapu vikajaa. Aliniomba kitu kimoja tu: nisimwambie mtu mahali hapa. Nikaapa kwa maziko yangu. Sijawahi kuwa na asubuhi nzuri kama hii.

Jumanne, 28 Septemba

Wa pili! Nimekuwa wa pili, nyuma ya Otakar! Niliapishwa, kikapu kikapimwa, Kulhánek akapima tena.

Na wa mwisho? Zbyněk! Mabwawani kwake hapakubaki hata kitovu cha uyoga. Aproni imembana tumboni. Alinihudumia bia tatu na kila moja niliirudisha kwa sababu ya povu. Otakar alinipigapiga begani mbele ya watu. Jarmila alinibusu. Mimi ni mtu mwenye furaha.

Alhamisi, 30 Septemba

Jambo moja dogo linanikera. Jukwaani wote wanampongeza Vendelín kwa msimu mzuri. Mimi, mshindi wa pili, hakuna aliyenitaja. Fredka kafika mbali, ati huenda nilinunua.

Nilinunua!

Nimeweka picha. Picha tu! Kikapu changu Jumamosi ile, kimejaa, kabla hata hatujaondoka pale. Mahali sikutaja. Kiapo ni kiapo. Nyuma ya kikapu kinaonekana kikanisa na mto kidogo, lakini ni kwa ajili ya uzuri wa picha.

Jumapili, 3 Oktoba

Magari kumi na moja kikanisani. Mtu kaja hata na jiko la kuchomea nyama. Fredka kaandika jukwaani kwamba ananiomba radhi kwa yote, mimi ni mtu mkarimu kuliko hata Mzee Vendelín. Wanachama wapya hawahesabiki.

Otakar alikuja nyumbani. Hakugomba. Alimuuliza Jarmila kama chupa yake ya chai, niliyoibeba mimi Jumamosi ile, imeshaoshwa, akaichukua, akaondoka. Hakunitazama. Jarmila naye analala chumba cha kushonea.

Nimehuzunika. Mchana mzima sikuweza kula, supu tu na mkate na zile soseji mbili. Mzee wa watu, peke yake, amepokonywa mahali pake. Anahitaji mtu wa kuzungumza naye. Mimi hawezi kunisikiliza. Na anajua kuwa Vendelín ni mimi. Nani atamfariji?

Nimekaa, nikafikiri, nikaelewa nilipokosea. Kosa lilikuwa achari! Mapishi ya nyumbani kamwe. Safari hii nayatoa kitabuni.

Amejiunga leo jioni. Bi Růžena, mjane, mpole, anafuma soksi, sauti ya kutuliza. Kamwandikia Bundi faragha kwamba amesikia yaliyompata na moyo umemuuma sana. Kamwambia wapo bado watu waaminifu duniani.

Na kamuuliza, kwa kumjali tu, sasa atakuwa akichuma wapi.