Alama za Kidato cha Nne Zilivyojifuta

Leo nimeaibika, jamaa zangu, tena mbele ya wazazi wa kidato cha nne wote.

Mnajua mimi ndiye mwalimu wa kompyuta hapa shuleni Matinyani. (Kompyuta yenyewe ni moja.) Wiki hii niliandika programu ya lugha ya C ya kupanga alama za mtihani. Kitabu kinasema ukitaka mahali pa kuweka kazi, omba faili ya muda. Nikaomba! Jana nikashinda nikiingiza alama, mwanafunzi mmoja mmoja. Nilipomaliza, nikafunga programu, nikabeba makaratasi ya alama ya walimu hadi jikoni kwa mpishi wetu.

"Mama Mutua, haya washia moto. Kompyuta imeshika kila kitu."

Nikaenda zangu nyumbani kifua mbele.

Leo asubuhi, wazazi wakiwa wameshaanza kufika, nikawasha kompyuta nichapishe. Faili hakuna! Nikafungua kitabu. Ukurasa unaofuata unasema faili ya muda hujifuta yenyewe programu inapofungwa. (Ukurasa huo niliuruka. Ulikuwa mrefu.)

Principal akachungulia. "Mwalimu, matokeo iko tayari?"

"Inakuja, sir!"

Inatoka wapi? Nikakimbia jikoni. Hakuna mtu. Chini ya sufuria ya muthokoi, mahindi ya kukobolewa ya chakula cha mchana, moto unawaka kama umelipwa. Nikapiga magoti kwenye rundo la majivu ya jana, tai nikaitupa begani, nikachimba kwa mikono miwili. Nikapata kijiko. Alama, hapana.

"Na hapa, wazazi, ndio jikoni yetu mpya..." Ilikuwa sauti ya Principal. Kisha ikakatika.

Nikainua kichwa. Majivu hadi masikioni.

"Asi!" mama mmoja akashangaa. "Mwalimu amepoteza nini?"

"Alama," nikasema. Uongo ungenisaidia nini? Nikajua kazi imeisha.

Ndipo Mama Mutua akatoka stoo na furushi kwapani.

"Hii makaratasi ndio unatafuta? Sikuchoma. Mutua wangu ako hapo ndani. Nitachoma aje na sijaona amepata ngapi?"

Zote zilikuwepo! Ya Biolojia ina doa la mafuta, lakini inasomeka. Nilitaka kumkumbatia yule mama, majivu yakanizuia. Principal akasoma matokeo kutoka kwenye karatasi, na mimi nikakaa nyuma nikimshukuru Mungu kimoyomoyo.

Sasa tuelewane. Atakayeniita Mwalimu Majivu ndiye atakayeingiza alama za muhula ujao.