Kamati ya Upya na Nailoni Yake

Tangazo lilibandikwa Jumatatu juu ya birika la chai, mahali ambapo hata asiyependa kusoma hupita mara nne kwa siku: "Kiwanda hiki, tangu kizaliwe hapa Barking, London, hakijawahi kununua, kukodi wala kuota kitu kilichotumika. Hatutaanza leo. Kwa hiyo imeundwa Kamati ya Upya." Chini yake ilikuwa sahihi ya Dhiren, mwenye kiwanda, mzaliwa wa Kisumu, ambaye asubuhi hiyo alijiteua Mwenyekiti, akajipongeza, akajitengea kiti chenye mikono. Maneno hayo alikuwa akiyasema kwa miaka kumi na mitano, na neno la bosi likifika umri huo halihitaji tena ushahidi.

Kazi ya kiwanda ni kuvika vioo vya miwani utando wa kuzuia mng'ao, utando mwembamba kuliko haya ya mgombea akishaapishwa. Kazi yenyewe hufanywa na mashine moja, sufuria ya chuma inayoweza kumeza ng'ombe. Vioo vinaingia, mlango unafungwa, pampu inanyonya hewa yote, madini yanachemka, na mvuke wake unatulia juu ya kioo. Mashine hiyo ilikuwa bado na nailoni yake ubavuni. Imegeuka njano kama jino la mvuta kiko, lakini kuibandua ni kosa la nidhamu.

"Kochi la mama yangu kule Kisumu lilikaa na nailoni mpaka likazeeka," Dhiren alipenda kusema. "Wageni walikuwa wakiteleza, lakini walijua wanateleza juu ya kitu kipya."

Sasa pampu ikaanza kukohoa. Vioo vikatoka na madoa kama chapati. Mteja mkubwa, muuza miwani wa Harrow, akatoa wiki nane: vioo safi, ama kwaheri. Kwaheri hiyo ingeondoka na watu sita wa karakana, wa kwanza akiwa Mumbi, aliyeiendesha mashine hiyo miaka kumi na mmoja. Kwa kutambua hilo, kamati ilimpa hadhi ya Mjumbe Mwalikwa, yaani anaruhusiwa kusikia lakini si kupiga kura. Kura zilikuwa mbili: ya Mwenyekiti, na ya binti yake Reshma, katibu, mzaliwa wa Ilford, anayeelewa Kiswahili chote na hukijibu chote kwa Kiingereza.

Kikao kilitumia saa tatu kufafanua neno "upya". Ikaazimiwa kwamba kipya ni kitu ambacho nailoni yake haijabanduliwa na mkono wa mtu mwingine.

"Bosi, mashine mpya inafika baada ya miezi kumi na minne," Mumbi alisema. "Iliyokarabatiwa inafika wiki ya sita, pampu mpya, dhamana ya mwaka. Na mteja ametupa nane."

"Kipya kinyemi ingawa kidonda, Mumbi."

"Sawa, bosi. Lakini hicho kidonda kikifika, hapa hakutakuwa na wa kukikuna."

"Andika," Dhiren akamwambia Reshma. "Mjumbe ametoa maoni ya kitabibu."

"Noted, Dad."

Utaratibu, hata hivyo, unataka mtu asikilizwe kwanza ndipo akataliwe. Wakarabati wa Ilford wakaahidi kumtuma kijana wao wa mauzo. Aliyeingia alikuwa mzee mwenye kilemba cha buluu na bisibisi mfukoni.

"Kijana ana mafua," alisema. "Mimi Avtar, fundi."

Chai ya Dhiren ilikosa mdomo.

"Huyu mgeni hatumjui," alisema haraka, kabla hajaulizwa.

Avtar alimpita, akaipapasa mashine tumboni, akapiga magoti nyuma yake na kusukuma kibati fulani cha chini. Kikafunguka.

"Haki ya Mungu!" Mumbi alisema. "Miaka kumi na mmoja, sikujua hapo panafunguka. Mzee, umejuaje?"

"Binti yangu, fundi atasahau mlango alioukata mwenyewe?"

Dhiren akakohoa, akakonyeza, akakuna sikio la kushoto kisha la kulia.

"Una kitu jichoni, ndugu yangu?" Avtar aliuliza.

"Kamati imeazimia," Dhiren alisema kwa sauti ya Bunge, "kwamba kitu kilichotumika hakitaingia humu!"

"Hakitaingia vipi, na kimeshaingia?" Avtar alimtazama kwa huruma ya kweli. "Hii si nilikuchagulia mimi, ikiwa imewafanyia Wajerumani kazi miaka tisa? Jina langu hili hapa ndani. Na ona ilivyokutumikia!"

Pampu peke yake ndiyo iliyokohoa. Reshma aligeuza ukurasa na, kwa mara ya kwanza maishani mwake, akajibu kwa Kiswahili.

"Baba, na hii niandike?"

Dhiren alitazama tangazo. Akamtazama Mumbi, aliyekuwa akiikagua dari kwa makini sana huku mabega yakimtetemeka.

"Andika," alisema. "Kamati imetambua, kwa kauli moja, kwamba kiwanda kina uzoefu wa miaka kumi na mitano katika mashine zilizokarabatiwa. Iletwe."

"Nitaileta wiki ya sita," Avtar alisema, akitoa daftari lake. "Ila ya nailoni uniambie mapema. Safari hii nikuzungushie tabaka ngapi? Maana ile ya kwanza ulitaka mbili, na ngazi ukanishikia mwenyewe."