Alama Tisa za Penseli

Jumatatu, 5 Mei.
Natamka wazi, na nitalitetea mbele ya yeyote: ufa wa wima katika ukuta wa msingi, mwembamba kuliko sarafu ya senti kumi, usiovuja wala kutanuka, si kasoro. Zege husinyaa likikauka, basi. Hapa Winnipeg, kwenye udongo huu wa mfinyanzi, nyumba isiyo na ufa haijajengwa.

Wetu uko chumba cha chini ya ardhi, unashuka kutoka dirishani. Kila mwaka theluji ilipoyeyuka, marehemu mama aliweka alama ya penseli kwenye ncha yake, na tarehe. Alama tisa, zote mahali pamoja. Katika ya mwisho mkono umetetemeka.

Baba anauza nyumba. Ati ngazi zimemshinda. Si kweli. Kilichomshinda ni kiti cha mama mezani.

Jumatano, 7 Mei.
Hila imepatikana. Nimesogeza rafu ya mitungi ya matango ya siki, ikafunika alama. Bila tarehe, mnunuzi atauogopa ufa, nasi tutabaki. Ni kinyume cha elimu yangu ya uhandisi. Nimejisamehe.

Alhamisi, 8 Mei.
Amekuja mnunuzi, Bi. Chartrand, muuguzi, na mkaguzi wake, mzee Friesen, aliyemwaga zege miaka arobaini. Friesen akamulika tochi, akaguna. Ufa mbichi huu, akasema, bado unatembea. Dada, tafuta kwingine. Bi. Chartrand akachukua mkoba wake.

Nilikuwa nimeshinda. Nikasema ufa haujasogea hata unywele.

Friesen akamgeukia baba. "Ndiye msomi wako huyu? Kijana, hiyo shahada imewahi kushika mwiko wa zege?"

Nikaivuta rafu. Mitungi miwili ikavunjika. Nikamsomea alama zote tisa, mwaka kwa mwaka.

Friesen akavua kofia. Akauliza ni nani aliyeziandika. Baba akasema, mke wangu. Kisha Friesen akamwambia Bi. Chartrand anunue bila hofu.

Jumapili, 11 Mei. Sikukuu ya kina mama.
Mkataba umetiwa saini. Bi. Chartrand ataupaka ukuta rangi ya maziwa. Baba anafunga vikombe kwa magazeti. Ameniuliza, taratibu, "Roman, mwanangu, ulitaka nini hasa?" Nikamfafanulia kusinyaa kwa zege.

Ripoti ya Friesen imefika: "Ufa unakubalika." Hakutaja hoja ni ya nani. Hilo sitalivumilia. Namtaka ajibu hadharani, katika gazeti la mtaa, kwa jina lake kamili: nani alikuwa sahihi? Na ajibu kabla ya tarehe thelathini. Baada ya hapo, barua za anwani hii hazitatufikia.