Kipara cha Tosha

Jumatatu, 2 Machi 2009
Nimepata kibarua! Daktari Ngina wa mifugo anapima wasiwasi wa mbwa hapa Kola. Hakuna sindano, hakuna kamba. Mwenye mbwa anampapasa, wewe unakata nywele kidogo mgongoni, na maabara inasoma humo miezi yake iliyopita ilikuwa na wasiwasi kiasi gani. Mbwa kumi na wawili ni wangu, kumi na wawili wa Kilonzo, kibarua mwenzangu. Atakayefanya vizuri ataandikwa mwaka mzima. Sikumwambia Daktari kwamba naogopa mbwa. Hakuniuliza.

Jumanne, 3 Machi
Nimeanzia kwa Maundu. Daktari alitufundisha tuketi chini na kupiga miayo, mbwa atulie. Nikapiga miayo. Mbwa naye akapiga. Nikayaona meno yote! Nimeshinda juu ya mparachichi wa Maundu. Kilonzo kamaliza mbwa wanne. Wanamlalia miguuni, mnafiki yule.

Jumatano, 4 Machi
Akili ni mali. Jirani yangu Mama Syokau ana Tosha, mbwa mzee asiye na jino hata moja. Nimemkata nywele. Nikamkata tena. Bahasha zote kumi na mbili za maabara zimejaa! Nimeziandika majina ya wenye mbwa, maana mbwa saba kati ya wale kumi na wawili wangu wanaitwa Simba.

Alhamisi, 5 Machi
Balaa! Mfuko umetoboka sokoni. Kamanthe, muuza ndengu, kaokota bahasha. Nje jina lake, ndani nywele. Kwetu huo ni uchawi, hakuna mjadala. Punde wenye mbwa wote kumi na wawili wakanizunguka. Nilieleza kwamba tunapima wasiwasi wa mbwa. Kamanthe akauliza mbwa ana wasiwasi gani, analipa karo? Maundu akauliza nani ana kiberiti. Sijawahi kuogopa hivyo, hata mbele ya mbwa.

Hapo Daktari akafika na Kilonzo. Mchawi au mwongo? Nikachagua.

“Nywele zote ni za Tosha,” nikasema.

Hawakuamini mpaka Kilonzo alipomleta Tosha mikononi. Kipara kilitoka shingoni hadi mkiani. Soko zima likacheka, isipokuwa Mama Syokau.

“Muthoka, mbwa yangu alikukosea nini?”

Niliona aibu kali, karibu dakika tano.

Ijumaa, 6 Machi
Kilonzo ameandikwa. Lakini Daktari ana huruma. Wiki ijayo nitaokota mavi ya mbwa, nayo pia huonyesha wasiwasi, na mbwa mwenyewe anakuwa ameshakwenda zake. Amesisitiza: kila mbwa na mavi yake. Nimeapa.

Jioni nimempelekea Tosha sufuria ya ugali na mchuzi, kumwomba radhi. Mama Syokau karibu alie kwa furaha. Tosha kamaliza yote. Kesho nitampelekea nyingine, kubwa zaidi.

Vikopo kumi na viwili viko tayari. Majina nimeshaandika.