Nyuma ya Lango la Selden

Jumatatu, 3 Septemba

Nimefagia uwanja kutoka lango la mashariki mpaka katikati. Nyasi ni za plastiki. Ndani yake zimemwagwa punje nyeusi za mpira, na sisi vibarua tunazisukuma kwa fagio ngumu mpaka zizame. Punje ziko viatuni, ziko masikioni. Jana nilitafuna moja kwenye wali. Miaka sita hapa mji mkuu, Thimphu, na mgongo wangu umeshakuwa wa babu yangu.

Saa nne wasichana wa timu ya taifa wakaingia kufanya mazoezi. Kipa wao ni mrefu, anatembea kama anayepanda mlima hata pasipo na mlima. Kocha akamwita kwa jina. Selden, wa Lhuentse, kwetu milimani.

Fagio likaniponyoka.

Ni binti yangu. Nilikuwa nimejifunga kitambaa usoni kwa ajili ya vumbi, macho tu nje. Alipita hatua tatu kutoka nilipo, akaniomba kwa adabu nisogee wapite. Aliniita mzee. Nikasogea.

Habari kubwa ni hii. Jumamosi wanacheza na wageni kutoka nchi ya jirani, na baada ya mechi kocha atataja watakaopanda ndege kwenda mashindanoni. Kila mchezaji amepewa kiti kimoja mbele kwa mtu wa kwao. Mchezo ukiisha mtu huyo anamvika skafu nyeupe shingoni, watu wote wanaona. Mama yake Selden hawezi kuja, mlima umeporomokea barabara. Kwa hiyo kiti kipo, na baba yupo.

Nimemweleza Kuenga, ninayelala naye chumba kimoja. Akauliza kwa nini nisimwendee tu binti nikamwambia, mimi ni baba yako. Kuenga ni mtu mzuri lakini hana akili ya mipango.

Jumanne, 4 Septemba

Mpango wa kwanza: chakula.

Nimepika pilipili na jibini kwa mkono wa kwetu, na vipande vya nyama ya nguruwe iliyokaushwa ambayo nilikuwa naitunza kwa mwaka mpya. Nimefunika bakuli, nimeliweka mlangoni pa stoo ya timu na karatasi: Kwa Selden, kutoka kwa mtu wa kwenu. Sikuandika jina. Nilitaka aonje kwanza, moyo ulainike, halafu aulize.

Mtunza stoo ni Dophu. Kitambi, funguo kiunoni, kila siku mayai ya kuchemsha mfukoni anawagawia wasichana. Wanamwita Apa, yaani baba. Wote, hata wenye baba zao hapa mjini. Apa Dophu soksi zangu, Apa Dophu mpira umepungua upepo. Naye anaitika kama aliyewazaa wote kumi na wanane.

Mchana nilijibanza nyuma ya magunia ya punje. Selden alikula na jasho likamtoka puani, kama alivyokuwa mdogo. Akamwambia Dophu kwamba hajala kitu chenye ladha ya nyumbani hivi tangu aje kambini, akamshukuru sana, Apa. Dophu hakukana. Alisema ni kitu kidogo tu, mwanangu.

Karatasi yangu nimeikuta baadaye. Dophu alikuwa ameifungia maganda ya mayai.

Jumatano, 5 Septemba

Mpango wa pili: njia ya serikali.

Bila gho, joho letu la wanaume, huingii ofisi yoyote, na gho langu lina shimo begani lililotobolewa na panya. Nimeazima la Kuenga. Kuenga ni mfupi. Lilitakiwa kufika magotini, likaishia juu ya mapaja, nikatembea mjini kama ndege wa mtoni. Nikaenda ofisi ya mpira kujiandikisha kuwa mzazi.

Mama karani anaitwa Aum Rinzin. Alinitazama magoti, kisha uso. Akasema mimi ni baba wa nne wa Selden wiki hii. Alisema kwa uchovu tu, bila hasira. Alisema alipoanza kazi hii wazazi waliokuja walikuja kuburuta binti zao kuwarudisha nyumbani, mmoja alikuja na fimbo, na timu ilikuwa ikifungwa mabao mengi kuliko vidole, na wasichana walivaa viatu vya kaka zao vilivyojazwa matambara. Sasa wanaonekana kwenye televisheni, kila mwenye mdomo ni baba.

Nikasema mimi ni wa kweli. Akasema vizuri, basi ana miaka mingapi.

Nikasema kumi na mmoja.

Imetoka yenyewe. Aum Rinzin akageukia dirishani. Kule uwanjani Selden alikuwa ananing'inia kwenye mwamba wa lango, miguu karibu iguse chini. Karani hakucheka. Afadhali angecheka. Akanisukumia kikombe cha chai, akaniambia nikimaliza nifunge mlango, upepo unapeperusha karatasi zake.

Kumi na saba. Nimehesabu njiani kwa vidole, mara mbili.

Alhamisi, 6 Septemba

Mpango wa tatu: kumwondoa Dophu.

Nimesikia kwa masikio yangu. Selden amemwomba Dophu akae kwenye kiti chake Jumamosi, amvike skafu. Dophu amekwenda kunyoa. Amemwambia kila mtu, hata muuza maziwa.

Basi wakati anagawa mayai nilichukua funguo za stoo alizoziacha juu ya benchi. Hesabu yangu ilikuwa rahisi. Stoo haifunguki, kocha anakasirika, Dophu anafukuzwa kama mbwa, kiti kinabaki wazi. Nilizitumbukiza kwenye gunia la punje. Kazi safi.

Sikuwaza kwamba glavu za kipa zimo stoo.

Kocha ni mwanamke, aliwahi kucheza nafasi ya beki, hasubiri mtu. Alisema mazoezi yanaendelea. Selden akadaka mikono mitupu saa nzima. Wenzake wanapiga mashuti, mikono inalia pa, pa, pa. Mimi nafagia kandokando nasikia kila pigo. Alipomaliza alitia vidole kwenye ndoo ya maji baridi, akaenda kuokota mipira. Hata utotoni alikuwa hivyo, akiumia anajitibu mwenyewe.

Nikazamisha mkono kwenye gunia mpaka begani nikazitoa funguo. Nikazidondosha kwenye mfuko wa koti la Dophu. Dakika tano baadaye akazikuta. Wasichana wakampigia makofi. Mmoja alisema Apa Dophu hata akipoteza kitu kinarudi chenyewe.

Kazi imebaki ya kuokota punje kwenye shati.

Ijumaa, 7 Septemba

Mvua. Hakuna kazi. Kuenga ameenda kwa dada yake, hajanialika, nami nisingeenda.

Niandike jambo lenyewe, maana hakuna wa kulisoma.

Kwetu nyumba ni ya mke. Mume huja na mfuko, na akifukuzwa huondoka na mfuko. Mimi nilifukuzwa kwa sababu ya mpira.

Selden alikuwa na miaka kumi na mmoja. Alikuwa ametengeneza mpira kwa matambara na mpira wa ndani wa baiskeli, ameushona yeye mwenyewe majira yote ya baridi. Alikuwa anaupiga kwenye ukuta wa zizi mpaka ng'ombe wakaacha kutoa maziwa, au ndivyo nilivyosema. Siku ya mashindano ya mishale alama yetu ya kulenga, ile ya ubaoni, ilikuwa imeoza. Mimi, mjanja wa kijiji, nikauchukua ule mpira, nikaupigilia kwenye ubao. Hatua mia moja na hamsini, na nilikuwa nimekunywa. Nikaupiga katikati. Wanaume wakacheza duara, wakaimba, wakanisifu.

Mtoto akaja mbio, akauona. Alilia mbele ya watu wote. Nami, kwa kuwa watu walikuwa wananitazama, nikamtania kama tunavyomtania mpinzani aliyekosa shabaha. Nilisema, rudi nyumbani ukaanike pilipili!

Wakacheka sana.

Jioni ile Tsheyang, mama yake, aliweka mfuko wangu nje ya ngazi. Upinde aliuweka juu yake. Binti hajazungumza nami tangu hapo, mpaka Jumatatu aliponiomba nisogee.

Mvua imekatika. Uwanja wa mishale uko jirani na uwanja wa mpira, nasikia wanaume wamerudi kwenye alama wanazomeana. Mmoja anamwambia mwenzake mshale wako umeenda kumsalimia mjomba. Mwingine anamuuliza mpigaji kama macho ameyaacha kwenye chungu cha wali. Kabla ya kushika fagio mimi nilikuwa bora kwa kuzomea kuliko kupiga. Nikisimama kando ya alama, wageni mikono iliwatetemeka.

Nimepata mpango.

Jumamosi, 8 Septemba

Naandika kabla sijavua viatu, punje bado zimo.

Mpango ulikuwa mwepesi hata nashangaa sikuuona mapema. Kiti ni cha Dophu, sawa. Lakini mechi ikiwa ya taifa, vibarua wawili wanakaa nyuma ya malango na fagio, punje zikichimbika mbele ya lango wanazirudisha wakati wa mapumziko. Nilibadilishana zamu na kibarua mmoja kwa kumuahidi nitamfulia nguo mwezi mzima. Lango la Selden! Karibu kuliko kiti chochote.

Na pale nyuma ya lango ningefanya kile ambacho Dophu na mayai yake hawezi. Ningewazomea wapigaji wa wageni mpaka wasahau mguu wa kulia ni upi. Hivyo ndivyo sisi tunavyomsaidia mtu wetu. Unasimama penye alama, unamkabili mpigaji, unamvunja moyo.

Kipindi cha kwanza wageni walikaa upande wa mbali, Selden alikuwa anaota jua tu. Timu yetu ikapata bao kwa kichwa. Watu elfu kadhaa, nimeona mabibi na tasbihi zao wamesimama juu ya viti. Dophu alikuwa mstari wa mbele, amenyolewa, skafu mapajani imekunjwa kama mtoto mchanga.

Kipindi cha pili timu zikabadilishana, na mimi kwa haki ya fagio nikamfuata Selden lango la pili. Wageni wakaanza kuja. Nikaanza na yule namba tisa. Nikamwambia miguu yake ameazima kwa shangazi. Nikamwambia mpira si kiazi. Yeye hakunitazama, bila shaka kwa hofu. Akapiga nje. Nikajua ni mimi. Beki wetu mmoja alinikodolea macho, nikamwonyesha kwa mkono kwamba nalishughulikia.

Wakarudisha bao kwa penalti. Hapo hapakuwa na la kufanya, mwamuzi ni mwamuzi.

Dakika za mwisho, namba tisa akatoroka peke yake. Selden akatoka nje ya mstari, amepanua mikono, mkubwa kama mlango wa hekalu. Alikuwa amemziba kabisa. Nami nikaona huyu anataka neno la mwisho, lile lenye nguvu kuliko yote. Nikashusha kitambaa usoni ili sauti ipite. Nikapaza: rudi nyumbani ukaanike pilipili!

Selden akageuza kichwa.

Akanitazama. Sijui ni muda gani. Kwangu ulikuwa mrefu. Ana macho yaleyale.

Mpira ukapita pembeni mwa goti lake, polepole, kama mzee anayevuka barabara.

Tukafungwa mbili kwa moja. Dophu akamvika skafu. Msimamizi akaja kuchukua fagio langu, akasema nisionekane huko nyuma tena.

Jumapili, 9 Septemba

Majina yamebandikwa kwenye ukuta wa ofisi. Makipa wawili. Selden ni wa pili, maana yake anaenda kukaa benchi. Yule wa kwanza ni msichana kutoka mji wa Paro ambaye wiki nzima sikuona akidaka chochote zaidi ya yai la Dophu. Kuenga amesoma juu ya bega langu akaniambia, kaka, hiyo kazi umeifanya wewe. Nikamwambia hajui mpira.

Mchana Dophu alikuja chumbani kwetu. Hajawahi kuja. Alisimama mlangoni na funguo zake, akakataa chai. Alisema Selden amemtuma. Selden alimuuliza kwanza yule mwenye fagio anakaa wapi na kama anakula vizuri. Dophu akasema alimjibu kwamba nimekonda. Kisha Selden akasema amwambie mwenye fagio hivi: mwezi ujao kuna mechi nyingine hapahapa. Akitaka kuja, aje. Lakini asimame nyuma ya lango lile lingine.

Dophu aliyasema mara mbili, kama mtu aliyebeba kitu cha kuvunjika. Halafu akatoa yai mfukoni, akaliweka dirishani, akaondoka.

Yai nimelila.

Amenialika. Miaka sita, na neno la kwanza ni njoo. Watu elfu kadhaa walipiga kelele jana, na binti yangu alisikia mmoja tu. Kocha hakumgeuza kichwa. Dophu hakumgeuza.

Lango lile lingine nimeenda kulipima leo kwa hatua. Mia moja na ishirini hivi. Kutoka kule sitauona uso wake, na sauti yangu itafika imechoka. Amesema hivyo kwa adabu tu, hataki nisumbuke.

Nitasimama palepale, nyuma ya lango lake. Nimeanza kunywa maji ya tangawizi asubuhi na jioni, ili koo lifunguke.