Paka Wangu Havai Kibati

Jumatatu, 8 Julai

Leo nimetukanwa kwenye baraza ya nyumba yangu mwenyewe. Shangazi Samran, jirani, yule mwenye mashine ya kuchonga majina sokoni, kaja na mkanda mwekundu wa shingoni na kibati kitupu. Alitaka nimtajie jina la paka wangu na namba yangu ya simu, achonge hapohapo. Zawadi, eti!

Nikamweleza kwa utaratibu. Mek ni paka wa ndani. Hatoki. Mimi mwenyewe nikiwa chumbani kwangu sijibandiki jina kifuani. Akasema paka wa ndani ndiye hasa wa kuvishwa, maana siku akitoka hajui njia ya kurudi. "Wa barabarani ana akili zake, Mjomba Bunloet. Wako huyu anajua sofa tu."

Sofa tu! Paka wa kijivu safi, rangi ya wingu la mvua, kizazi cha hapahapa mkoani Korat!

Mke wangu Phikun akadakia kutoka jikoni kwamba hata yeye alivishwa pete na hakufa. Nimemrudishia Samran mkanda wake kwa mikono miwili, kwa heshima zote, ili aone nilivyokasirika.

Jumanne, 9 Julai

Mleta gesi aliuacha mlango wazi. Mek hayupo.

Kosa ni la mleta gesi. Naliandika mapema ili lisije likageuzwa.

Nimemtafuta mchana kutwa, lakini kimyakimya, kwa sababu ukuta wa Samran una masikio. Nilitembea na samaki wa kukaanga mfukoni, mikono nyuma, kama mtu anayepunga hewa. Jua kali, mashamba yamepasuka, miche ya mpunga imekuwa ya njano, nami napunga hewa! Niliita kwa mnong'ono. Hakuja paka. Walikuja mbwa, wakanifuata hadi kwenye kibanda cha kachumbari ya papai, wateja wote wakatazama. Muuzaji akauliza tangu lini nimefungua shule ya mbwa.

Samran alikuwepo. Akauliza Mek hajambo. Nikasema hajambo kabisa, amelala.

Usiku huu miguu yangu kitandani ni baridi. Hakuna aliyeilalia.

Alhamisi, 11 Julai

Sina maneno. Nitaandika hata hivyo.

Mkuu wa kijiji, Mzee Khamsing, ameona mvua imegoma, akaagiza paka azungushwe kijijini ili inyeshe, kama walivyofanya wazee. Ngoma, matoazi, bibi mmoja mbele anaimba mambo ya aibu kuichokoza mbingu, na nyuma yake vijana wawili wamebeba tenga la mianzi kwenye mti begani. Kila nyumba itoke imnyunyizie paka maji.

Nikatoka na bakuli langu. Ndani ya tenga, kavishwa koja la asumini: Mek!

Walimwokota kando ya kinu cha mpunga. Hana kitu shingoni, kwa hiyo hana mwenyewe, kwa hiyo kaletwa na mbingu. Ndivyo wanavyofikiri watu hawa! Tena kuomba mvua ni kazi ya paka jike. Mek ni dume. Hakuna aliyejisumbua kuangalia.

Mzee Khamsing akaniuliza, "Mjomba, huyu siye wako kweli? Sema tumtoe, hakuna ubaya." Nilifungua mdomo. Nikamwona Samran, bakuli mkononi, nyusi juu, anasubiri.

Nikasema wangu yuko ndani, amelala.

Ikabidi nimnyunyizie. Desturi ni desturi. Maji yakampata puani. Aliniangalia tangu kwangu hadi kona ya hekalu, hakupepesa.

Phikun haongei nami.

Ijumaa, 12 Julai

Mvua! Tangu alfajiri, mvua ya kubomoa paa. Kijiji kizima kinacheza kwenye matope. Mek kawekwa kwenye banda la hekalu, analetewa samaki wa mvuke na kupigiwa magoti. Wakati mimi, niliyemlea kwa kijiko, nimekula wali wa kunata mtupu, kwa sababu Phikun bado haongei na sasa hapiki.

Nikapanga mpango. Nilikwenda hekaluni na sufuria kubwa yenye kifuniko, kama mtu anayepeleka sadaka. Paka ndani, kifuniko juu, nyumbani. Safi.

Nilipomkaribia, mtawa mkuu akatokea, akafunua sufuria, akauliza mbona tupu. Nikasema nimekuja kuomba maji ya mvua yenye baraka. Akafurahi sana. Akanijazia mwenyewe, mpaka ukingoni. Nimebeba sufuria ya maji ya mvua, ndani ya mvua, nikayapita mapipa yangu matatu yanayofurika.

Samran, chini ya mwavuli: "Mjomba, kwako haikunyesha?"

Jumapili, 14 Julai

Wamegundua kwamba ni dume. Aibu! Bibi mwimbaji karibu azimie. Kwa kuogopa mbingu isije ikanuna, wametafuta jike haraka, naye ni wa kijivu vilevile, mzururaji asiye na mwenyewe, wakamweka banda lilelile.

Phikun leo amefungua mdomo. Alisema ama nirudi na Mek, ama nisirudi.

Nikaenda, kichwa juu. Mbele ya Mzee Khamsing nikasema paka yule ni wangu, na siku ile nilinyamaza kwa kuwa sikutaka kuiharibu ibada ya watu. Akacheka, akasema twende tu, mchukue.

Paka wawili wa kijivu. Mmoja kavaa mkanda mwekundu na kibati. Mwingine shingo tupu.

Mtu wa utaratibu hahitaji kufikiri. Nikamwonyesha mwenye shingo tupu.

Mzee Khamsing akaanza, "Mjomba, lakini huyu mwingine ana..." Nikamkatiza. Samran naye akaanza, "Mimi ndiye niliyemvisha, nimemchongea..." Nikamkatiza vikali zaidi. Nani hajui aliyemvisha? Kijana mmoja akasema basi tumgeuze tuangalie. Hekaluni! Mbele ya sanamu ya Buddha! Niliwaambia waone haya.

Njia nzima alinikwaruza. Hasira za kutelekezwa, nazielewa. Phikun alimtazama paka, akanitazama mimi, akacheka mpaka akakaa chini. Wiki nzima sijamwona na furaha kiasi hicho.

Jumatano, 17 Julai

Mek amezaa.

Watoto wanne, ndani ya droo ya mashati yangu. Phikun akauliza nina maelezo gani. Nilimwambia kwamba paka aliyeshusha mvua anaweza mengi, na kwamba heshima aliyopewa kama jike huenda imemwingia mwilini.

Lakini hilo si la leo. La leo ni uvamizi! Adhuhuri paka wa Samran, yule wa kibati, kaingia kwangu bila hodi, akapita moja kwa moja hadi kwenye sofa, akajikunja juu ya mto wa Mek. Phikun akasema, "Baba, soma tu kibati." Nikakataa. Kukisoma ni kukikubali. Nimemfukuza kwa mwavuli. Anarudi. Nimemfukuza tena. Sasa kakaa juu ya ukuta, kwenye manyunyu, ananitazama bila kupepesa. Hana adabu kabisa.

Samran kapita, akauliza kwa sauti ya upole ule ninaouchukia, "Mjomba, hivi mwenye paka huyu ni nani?"

Nikamwambia sijui, lakini mtu anayemwacha paka wake azurure kwenye nyumba za watu hafai kufuga hata kuku.

Alikubali papo hapo. Mara ya kwanza katika maisha yetu! Polepole mama yule anaanza kuelewa.